Picha za Nkwabi Mpagazi

Lusu, Nzega
8 Januari 1956

Mume wangu Baba Koleta,

Salamu nyingi zikufikie huko Tabora kazini. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha vizuri na mpunga wa mbugani umeshika. Ng'ombe wa kaka yako Jilala wamevunja uzio wetu mara mbili, na mara zote mbili amesema kosa ni la uzio.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo la Alhamisi. Unajua goti la Koleta bado limevimba, haendi shule, anashinda kitandani. Mwalimu Imakulata alimwonea huruma, akamletea gazeti la picha lililoachwa na wageni wa Kizungu pale misheni. Ndani yake mna mtu mwenye barakoa ya fedha, wanamwita Bwana Radi. Anaruka juu ya mawingu, anasimamisha treni kwa mkono mmoja, anaokoa watu. Koleta hajui Kiingereza, lakini picha hazina haja ya Kiingereza. Amelifunua gazeti lile mpaka karatasi zimelegea.

Alhamisi nilirudi kutoka shambani nikamkuta amejipaka unga wa muhogo uso mzima, shingo, na mikono mpaka viwikoni. Amekaa kitandani, amefumba macho, amenyoosha mikono mbele. Nikamwuliza, "Koleta, unafanya nini?" Akasema, "Mama, usinisemeshe, nataka kuruka. Nikiruka goti litapona." Nikamwuliza, unga ni wa nini? Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Weusi hawaruki, mama. Nimetazama kurasa zote. Weusi wapo wawili tu. Mmoja amebeba sanduku, mwingine anakimbia."

Nilimwosha. Sikumpiga, ingawa unga ule ulikuwa wa kula siku mbili. Alilia nikimwosha. Wewe umesoma kunizidi, na kalamu unayo. Mwandikie mwanao neno.

Goti lisikutie wasiwasi. Linapungua kidogo kidogo.

Mimi mkeo,
Eustadia


Tabora
20 Januari 1956

Mama Koleta,

Barua yako niliisoma wakati wa mapumziko, nikairudia, kisha chakula kikanishinda. Yoramu, yule Mmoraviani ninayekaa naye meza moja hapa ofisi ya ramani, aliniuliza kama nimefiwa.

Kuna jambo sikukwambia. Oktoba nilipotumwa Dodoma kupeleka ramani, ofisi ilinipa tiketi ya daraja la pili. Njiani akaingia Mzungu mmoja. Akakitazama kitanda, akanitazama mimi, akamwita mkata tiketi. Nikaonyesha tiketi yangu. Mkata tiketi, Mwafrika kama mimi, akaninong'oneza, "Ndugu yangu, usinifukuzishe kazi." Nikachukua sanduku langu nikaenda daraja la tatu, nikasimama mpaka Dodoma nimekumbatia ramani niliyoichora kwa mkono wangu. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa nimevaa lile koti ulilonishonea, na sikutaka ulikumbuke koti hilo kwa habari hiyo.

Sasa mwambie Koleta kwamba babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka Ujiji, akapita Tabora, akaenda nazo hadi pwani, mara tatu. Zamani kijana asiyefika pwani hakupewa mke hapa Unyamwezi. Mtu mweusi aliyebeba sanduku katika gazeti lile ana habari zake, ila mchoraji hakumwuliza.

Nimemwuliza mimi. Anaitwa Nkwabi. Nakutumia picha tatu. Nkwabi hana barakoa, uso wake ni kama wa watu wa Lusu. Nguvu yake ni hii: kadiri mzigo unavyozidi ndivyo anavyozidi nguvu. Katika picha ya tatu amebeba nyumba nzima ya mjane, kuku wakiwa darini, akiitoa kwenye mafuriko. Nimechora nyuma ya karatasi za ramani zilizoharibika, ambazo hapa hutupwa.

Mwambie Koleta asijipake tena unga.

Mumeo,
Kornel


Lusu, Nzega
12 Februari 1956

Baba Koleta,

Laiti ungekuwepo! Picha zilifika Jumanne. Koleta alizitazama, kisha akaweka kidole kwenye uso wa Nkwabi, akasema, "Huyu pua yake kama ya baba mkubwa Jilala." Akacheka mpaka akashika goti. Sasa watoto wakitoka shule wanapita kwanza kwetu. Wanakaa sakafuni, yeye anawasimulia kitandani kama padre. Jilala mwenyewe alikuja kuangalia pua yake.

Lakini jana Koleta aliniuliza swali, nami nakuletea wewe. "Mama, kama Nkwabi ana nguvu hizo zote, kwa nini anabeba mizigo ya Wazungu? Kwa nini habwagi?" Nikamwambia ndiyo kazi yake. Akasema, "Mwambie baba achore siku moja Nkwabi ambebe huyo Bwana wa Kizungu mwenyewe, na kiti chake, ampeleke mbali."

Tafadhali mchoree. Ndicho kitu pekee kinachomfanya ale.

Goti ni vile vile tu, si la kutisha.

Mkeo,
Eustadia


Tabora
4 Machi 1956

Mama Koleta,

Salamu kwa wote, na Koleta mbusu paji la uso.

Picha anayoitaka naichora. Nataka iwe nzuri kuliko zote, kwa hiyo inachukua siku nyingi. Nkwabi amemnyanyua Bwana na kiti chake na mwavuli wake, amemvusha mto Ugalla, anamweka ng'ambo taratibu bila kumlowesha hata soksi. Bwana anapiga kelele, Nkwabi anatabasamu. Yoramu alipoiona aliziba mdomo kwa mkono asisikike akicheka.

Na mimi mwenyewe nacheka, jambo ambalo ni jipya. Juma lililopita ramani ya barabara ya Nzega, niliyoishughulikia miezi minne, ilipelekwa Dar es Salaam. Pembeni limeandikwa jina la mkuu wetu, tunayemwita Bwana Kipara. Nilimwuliza kama naweza kuandika langu kwa herufi ndogo chini. Akasema, "Kornel, kalamu huwa haitii sahihi." Nikarudi mezani nikaendelea kumchora Nkwabi.

Picha utaipata juma lijalo.

Mumeo,
Kornel


Uvinza
2 Aprili 1956

Mama Koleta,

Usishangae kukaa kimya kwangu. Nimetumwa safari ya kupima njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kuelekea Ujiji. Tuko porini, hakuna meza, ndiyo maana naandika kwa penseli. Kazi ni nyingi na picha sipati nafasi. Mwambie Koleta Nkwabi amepumzika.

Nitarudi Septemba. Barua zako mpelekee Yoramu, yeye atanifikishia.

Mimi mzima.

Kornel


Lusu, Nzega
25 Aprili 1956

Baba Koleta,

Barua yako ilikuwa fupi kama ya mtu anayefukuzwa. Bahasha imepigwa muhuri wa Tabora, nadhani barua za porini hupitia huko.

Nimekuficha jambo na sasa siwezi tena. Goti la Koleta halijapungua hata siku moja. Niliandika linapungua kwa sababu uko mbali na nilijua utaacha kazi uje. Sasa linatoa usaha. Mwanzoni mwa mwezi nilimbeba mpaka Nzega, mganga wa pale akasema ugonjwa umeingia mfupani. Kule hospitali ya Tabora wanaweza kulipasua goti, kulisafisha, kufunga mguu kwa plasta, na kumpa dawa ya sindano. Alisema tusikawie.

Lakini Jilala amekataa. Anasema mtoto wa ukoo hapasuliwi baba yake hayupo, akifa atajibu nini? Nimepiga magoti mbele yake, mimi Eustadia. Anasema, "Kornel aje, au aandike neno lake."

Njoo. Kama hawakupi ruhusa, andika neno moja tu: wampasue. Koleta anauliza picha kila lori linapopita. Nimejaribu kuchora mimi, akaniambia kwa upole, "Mama, hiyo ni mbuzi."

Fanya haraka, mume wangu.

Eustadia


Uvinza
14 Mei 1956

Mama Koleta,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Kuja siwezi. Nakuomba, usinilaumu.

Lakini kisu kisiguse mguu wa mwanangu nikiwa sipo. Nimeona watu wakiingia hospitali na mguu unaouma wakatoka hawana. Fungeni dawa, mwiteni bibi wa Igunga anayejua mifupa. Nisubirini. Miezi si mingi. Nikirudi nitambeba mwenyewe mpaka kwa daktari na nitasimama mlangoni.

Mwambie Jilala ndilo neno langu.

Kornel


Tabora
9 Juni 1956

Kornel,

Sikuiti Baba Koleta leo.

Nimekuja Tabora. Nilimwambia Jilala nakwenda kisimani, nikambeba Koleta mgongoni, nikapanda lori la pamba barabara ya Nzega. Joto lake lilikuwa linaniunguza mgongo. Nilifika ofisi yenu nikidhani nitakuta mtu wa kukupelekea habari Uvinza. Yoramu alinitoa nje, tukasimama nyuma ya jengo, na kabla hajasema kitu akaanza kulia. "Shemeji, nisamehe. Hajafika Uvinza. Barua nilikuwa naziweka posta mimi."

Miezi sita na kazi ngumu, kwa wizi wa karatasi za kutupwa na kwa picha ya kudharau wakubwa. Tangu Machi! Mimi nimeomba rozari usiku na mchana chui asikule porini.

Sasa sikiliza kilichofuata. Tulikuwa tunakwenda hospitali kwa njia ya Kitete. Wafungwa walikuwa wanachimba mtaro kando ya barabara, wamebeba mchanga kwa makarai. Sikuwa nawatazama. Koleta ndiye aliyesema, "Mama, baba yule." Nikageuka nikakuona na nguo za kifungo na namba kifuani. Yule Mzungu msimamizi alikuwa anakufokea kitu, sikusikia. Akakupiga kofi. Karai likaanguka. Wewe ukainama ukaanza kukusanya mchanga kwa viganja.

Uliinua kichwa ukatuona. Najua ulituona. Ukageuza uso.

Nilipita. Ningefanya nini? Mtoto mgongoni, askari na bunduki, na mume wangu ananikana. 

Daktari amemtazama. Anasema goti halifai tena na ugonjwa unapanda. Mguu ukatwe juu ya goti, la sivyo atakufa. Anataka sahihi ya baba. Nimemwambia baba yupo. Sikumwambia wapi.

Yoramu anasema kuna askari wa gereza, Mnyamwezi, anayechukua barua kwake na kukuletea; huyo atakuletea hii. Jibu upesi. Na uniambie ukweli, hata kama hujui unavyoandikwa.

Eustadia


Wodini, Tabora
11 Juni 1956

Baba,

Shikamoo. Ni mimi Koleta. Mama amenipa karatasi na amekwenda kunitafutia uji.

Baba, nilikuona. Yule Mzungu alipokupiga nilianza kuhesabu. Nilisema moyoni nikifika kumi baba atamnyanyua. Nikafika kumi. Nikahesabu tena polepole, kwa sababu labda nilikwenda mbio. Wewe ulikuwa unaokota mchanga.

Wamekufunga kwa sababu ya ile picha niliyoomba mimi? Nimemwuliza mama. Amesema hapana, lakini alikuwa anatazama dirisha.

Watanikata mguu. Mama hajaniambia, nesi ameniambia. Nimemwambia mama sijui, ili asilie.

Baba, wewe unaogopa?

Koleta


Gereza, Tabora
15 Juni 1956

Mama Koleta,

Sahihi nimeitia jana mbele ya mkuu wa gereza. Karatasi imekwenda kwa daktari. Kwa hiyo hilo limekwisha, na sasa nakujibu.

Ilikuwa hivi. Bwana Kipara alifungua droo yangu akitafuta rula. Akaikuta picha ya Ugalla. Akaitazama muda mrefu, na mimi nimesimama mbele yake. Bwana aliyebebwa na Nkwabi alikuwa na kipara. Naapa sikukusudia. Labda mkono ulikusudia. Aliniuliza, "Huyu ni nani?" Nikasema ni hadithi ya mtoto mgonjwa. Akasema, "Na karatasi ni ya nani?" Basi. Mahakamani haikuchukua hata nusu saa. Yoramu alitaka kusema karatasi hizo huwa zinatupwa, nikamkonyeza anyamaze, ana watoto watano.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu mwanangu alikuwa amepata mtu mweusi asiyeshindwa, na nilijua akisikia baba yake amefungwa kwa ajili ya mtu huyo, wote wawili wataanguka pamoja. Hiyo ni sababu nzuri. Ipo na mbaya. Niliona aibu kwako. Ulipoandika niandike neno moja, nilikuwa nalo, askari yule angelileta siku mbili tu. Lakini nilijua mkija Tabora mtaniona. Nikaandika msubiri. Nilikuwa najificha mimi, Eustadia, nikauweka mguu wa mtoto mbele kama ngao. Siombi unisamehe katika barua hii.

Barabarani niliwaona. Niligeuza uso nikidhani nikiwa siwatazami, Koleta hatakuwa na hakika.

Kuna jingine, uambiwe na mimi kabla hujaambiwa na mtu. Mkuu wa gereza ana binti wa miaka kumi, anakaa nyumbani peke yake, anasomeshwa na mama yake. Jumatatu aliniita. "Wewe ndiye mchoraji? Binti yangu anataka picha. Anataka awe na barakoa ya fedha, anaruka. Lakini anataka uso uwe wake mwenyewe." Akanipa picha ya kamera ya mtoto na rangi nzuri za maji, rangi ambazo sijawahi kuzishika. Nikamwambia nitachora, naomba saa moja hospitali kabla binti yangu hajakatwa. Alifikiri, akasema sawa.

Nimemchora siku tatu. Nywele za manjano, madoadoa puani, anaruka juu ya Tabora yetu, juu ya miembe na mabati ya stesheni. Ni picha nzuri. Nilipomaliza nilitaka kuichana vipande, nikakumbuka saa yangu moja, nikaikabidhi kwa mikono miwili na kusema asante. Hata yule mtoto, mwenye kurasa zote zile za kwao, alitaka uso wake mwenyewe. Na mimi nikampa, wakati wangu yuko kitandani na kile nilichomchorea kiko kabatini mwa mahakama.

Alhamisi nitaletwa saa nne. Nitakuwa na pingu na askari. Mwandae Koleta, au usimwandae, wewe ndiye unayejua.

Hii iliyo chini ni yake. Msomee kama ilivyo.

*

Koleta mwanangu,

Marahaba.

Picha uliomba wewe, lakini kuomba picha si kosa. Aliyechora ni mimi. Aliyefungua droo ni mwingine, na aliyeona kosa ni huyo huyo. Wewe uliuliza tu kwa nini Nkwabi habwagi mzigo. Ni swali zuri, hata mimi sikuwahi kuthubutu kuliuliza.

Umeniuliza kama naogopa. Mwenzangu tuliyefungwa naye mnyororo mmoja nilimwambia sikurudisha kofi kwa sababu ningeongezewa kifungo, na wewe unanihitaji. Alisema nina busara. Wewe nakwambia kweli: siku ile sikufikiri chochote. Niliogopa. Hata ungehesabu mpaka mia, ningekuwa nimeinama.

Sina nguvu za Nkwabi. Mzigo ukizidi, mimi nachoka. Sikukwambia mapema, na hilo ndilo kosa langu kwako.

Nakuja Alhamisi.

Baba yako,
Kornel


Wodini, Tabora
6 Julai 1956

Baba Koleta,

Nakuandikia nimekaa kwenye ngazi za nje, ameshikwa na usingizi.

Ulipoondoka Alhamisi ile hakuwahi kuniambia mlisema nini. Nilikaa mbali kama ulivyoniomba. Niliona tu kwamba alizishika pingu, akazigeuza geuza kama mtu anayetaka kununua kitu sokoni, na kwamba ulilia na yeye hakulia. Askari wako alitazama ukuta saa nzima. Mungu amkumbuke.

Mguu ulikatwa Ijumaa asubuhi. Kwa siku nne hatukujua kama atabaki. Alikuwa anataja majina ya watoto wa Lusu, mmoja mmoja, kama anaita daftari la shule. Siku ya tano akaomba maji. Sasa anakula. Jana alianza kukuna shuka mahali penye kitu ambacho hakipo, akasema vidole vinamwasha. Nikamwuliza vipi, akaonyesha. Nikavikuna. Nilikuna shuka, Kornel, mpaka akasema basi.

Daktari aliniambia, si kwa ubaya, kwamba mngekuja Aprili mguu ungeweza kupona. Nilimshukuru. Nimekaa na neno lile siku nyingi nikitafuta nilitupe kwa nani. Wewe uliandika subirini. Mimi niliandika linapungua. Jilala aling'ang'ania ukoo wake. Bwana Kipara alikuwa anatafuta rula. Nikilitupa kwako linarudi kwangu. Sijakusamehe, na mimi mwenyewe sijajisamehe, na kazi ya kukaa hapa haingoji msamaha wa mtu yeyote.

Jilala alikuja Jumapili. Alisimama mguuni pa kitanda, akatazama shuka lilivyolala upande mmoja, akatoka. Nilimkuta nje ameshika kofia. Amesema ng'ombe wawili ni wa Koleta.

Sasa nikwambie la leo.

Karani wa wodi alipita kuandika kadi mpya. Jina, kijiji, dini. Akauliza, "Kazi ya baba?" Nilifungua mdomo kusema mchora ramani. Koleta akaniwahi.

"Mfungwa," akasema.

Karani akainua kalamu akanitazama mimi. Mama wa mtoto wa kitanda cha pili, mtu wa Igunga anayesema sana, akageuka kutusikiliza. Nikataka kusema mtoto ana homa.

Koleta akasema tena, kwa sauti, kama anayemsaidia mtu asiyesikia vizuri. "Andika. Mfungwa. Anaitwa Kornel, yuko gereza la hapa hapa Tabora. Alichora picha. Anatoka Septemba."

Karani akaandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza.

Mama wa Igunga akamwuliza, "Picha ya nini, binti yangu?" Koleta akajisogeza kwenye mto, akaanza kumwambia, na mimi nikatoka nje, nikashika nguzo ya baraza kwa mikono yote miwili mpaka nesi akaja kuniuliza kama naumwa.

Kazi huna tena, Yoramu ameniambia kiti chako kimepewa mtu. Shamba la mpunga lilivunwa bila mimi, sijui kilichobaki. Gongo la kutembelea halijapatikana la urefu wake. Sijui tutaishije, na sitakudanganya kwamba najua.

Lakini siku watakayokufungulia usiende kwanza kwa Yoramu kuazima suruali. Usitafute kinyozi. Njoo hivyo hivyo watakavyokutoa, upite mlango wa mbele, wodi ya watoto, kitanda cha nne kutoka dirishani.

Mkeo,
Eustadia